Nilizima Gitaa la Mswidi

Kabla hamjayasikia kwa mtu mwingine, acheni niwaambie mwenyewe: mimi ndiye niliyezima gitaa la Mswidi katikati ya wimbo, mbele ya ukumbi uliojaa, kule Louisville. Habari hii imetembea hapa kwetu Columbus, Amerika, kwa miaka, na kila ikipita mdomo mmoja inanenepa. Yuko anayesema niliangusha amplifaya chini. Yuko anayesema niliona pepo. Sikuona pepo wala sikuangusha kitu. Nilizima tu, kwa kidole hiki hiki, na kwa nia njema kabisa.

Nawaandikia ninyi vijana wa vyombo, mnaokaa nyuma ya mikisa ya kanisa kila Jumapili mkipandisha na kushusha sauti na kubishana. Nimesikia kamati imewaita. Nimesikia mmeambiwa gitaa lenu linakwaruza, kwamba hiyo ni milio ya kidunia, na kwamba mchague. Mimi nimestaafu, mgongo umekataa masanduku na magoti yamekataa ngazi, lakini masikio bado ninayo na mdomo ninao pia. Siwaambii mchague nini. Nataka mjue kwamba mimi niliambiwa nichague, nikachagua, na bado niko hapa, nakula na nalala vizuri.

Kwanza mjue ufundi wangu ulikotoka. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini, Tanzania, upande wa Kigoma. Kanisa letu kambini lilikuwa na spika moja. Ikipasuka, mchungaji anahubiri kwa koo lake hadi mtu apate kibali cha kutoka kambini aende mjini kutafuta nyingine, na hapo miezi inapita. Mwalimu wangu alikuwa mzee Barnaba, fundi redio wa zamani, mtu mfupi mwenye mikono ya haraka. Alinipa amri moja: ukisikia spika inakwaruza, zima kwanza, maswali baadaye. Siku ya kwanza aliniambia kwa mdomo. Siku ya pili nilichelewa kuzima, akaniambia kwa kofi la kisogo.

Ndani ya spika kuna karatasi nyeusi. Hiyo ndiyo inayotetemeka sauti ikatoka. Ikichanika kidogo tu, sauti inaanza kukwaruza, na ukiendelea kuipiga, mchaniko unakimbia hadi katikati na spika ndiyo basi tena. Ukiwahi kuzima, unaziba kwa karatasi ya daftari na gundi. Spika ile ya kambini niliiziba mara nyingi hata mwisho wake ilikuwa na daftari nyingi kuliko karatasi ya kiwandani.

Sasa mchukue mtu mwenye amri hiyo kichwani, mlete Amerika, mpe kazi kwenye ukumbi wa muziki.

Siku za kazi nilikuwa kwenye ghala moja huko Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, nabandika lebo kwenye maboksi. Wikiendi nilibeba masanduku ya wanamuziki kwenye ukumbi jirani na chuo kikuu. Kilichonitoa kwenye masanduku ni kukunja waya. Msicheke. Ninyi mnaukunja kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi, unajipinda kwa ndani, na baada ya miezi miwili unakufa bila kuaga. Waya unakunjwa kwa vitanzi, kimoja kwa nje, kinachofuata kwa ndani, hivyo hivyo hadi mwisho, na siku ukiurusha unafunguka wenyewe bila fundo. Bosi wa ukumbi aliniona, akauliza nilijifunza wapi. Nikamwambia kambini tulikuwa na waya mmoja. Akanisogeza hadi kwenye mikisa ndogo ya pembeni mwa jukwaa, ile inayowapa wanamuziki sauti yao wenyewe wajisikie wanapopiga.

Mwaka 2015, kama sikosei, bosi akaniambia kuna bendi ya Sweden inapita: Louisville Ijumaa, Columbus Jumamosi, Buffalo Jumapili. Fundi wao wa jukwaani alikuwa ameteguka mguu. Walitaka mtu wa siku hizo tatu, na akiwafaa, watasafiri naye kila watakaporudi Amerika. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikaa. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, kila mtu ananijua kama mbeba masanduku, na mimi moyoni najijua ni fundi. Nikamuuliza wanapiga muziki gani. Akasema roki nzito, ile ya metali, lakini ya watu wenye huzuni. Nikamwambia huzuni naijua, tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuwa Jumapili. Kanisa letu wakati huo lilipanga ukumbi wa chini wa kanisa la Wazungu pale mtaa wa Clintonville, na ufunguo wa kabati la vyombo ulikuwa wangu. Nimesema wangu. Vyombo vile nilivikusanya kimoja kimoja, spika moja kutoka kwa jirani aliyehama, nyingine kutoka kwenye shule iliyokuwa inazitupa, nikaziba, nikasafisha, nikaunga. Jumapili bila mimi ilikuwa haijawahi kutokea.

Mke wangu, Mama Neema, ni Mkongomani wa Uvira, na huwa hapotezi maneno.

"Bon, miye sikukatazi," akasema. "Donc ku yenga batakutafuta kanisani. Ntabambia nini?"

Yenga kwao ni Jumapili.

"Waambie niko kazini."

"Kazi ya muziki ya shetani?"

"Waambie ni shetani mwenye huzuni."

Hakucheka. Lakini asubuhi nilikuta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kopo, imefungwa vizuri, juu ya begi langu.

Nilifika Louisville watu wameshaanza kuingia ukumbini. Hakukuwa na muda wa kujaribu sauti. Nilionyeshwa mikisa yangu, nikaonyeshwa watu wawili wa kuwajua. Mmoja ni Gunhild, fundi mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu mkuu, yeye anakaa nyuma kabisa ya ukumbi na mikisa kubwa. Mwingine ni Halvar, mwimbaji na mpiga gitaa, mwanzilishi wa bendi, mtu wa makamo mwenye nywele ndefu zinazoanza kuisha kwa mbele. Gitaa lake lilipita kwenye amplifaya moja ndogo, kuukuu, ya sanduku la mbao lililopauka, spika moja tu ndani. Nilipoiona nikaipenda. Nikasema moyoni, hii nitailinda.

Wimbo wa kwanza ulikwenda taratibu, gitaa safi kama maji. Wimbo wa pili Halvar akakanyaga kidude fulani sakafuni, na amplifaya ikakwaruza, tena si kidogo. Mwili wangu uliamka kabla ya akili. Nilimsikia mzee Barnaba nyuma ya kisogo changu. Nikaruka kebo, nikapita nyuma ya dramu, nikainama, nikazima.

Gitaa likakatika. Dramu zikabaki, na sauti ya Halvar ikabaki peke yake juu ya watu wote wale. Hakuacha kuimba. Akageuza shingo akaniangalia, bado anaimba, na mimi nikamwonyesha dole gumba, kumwambia asijali, nimeiokoa.

Mmoja wa wabeba masanduku alikimbia akaiwasha tena, onyesho likaendelea hadi mwisho, na Gunhild akanisubiri mlangoni.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa imepasuka."

"Haikupasuka. Hiyo ndiyo sauti yake."

"Sauti ya nani?"

"Ya bendi hii. Zaidi ya miaka ishirini. Watu wanalipa kuja kuisikia."

Wabeba masanduku walicheka hadi wakakaa chini. Niliona aibu ambayo sijui niwaelezeje. Mtu wa miaka hamsini na miwili, baba wa watoto, unachekwa na vijana wenye hereni. Niliomba msamaha kwa Gunhild, nikaomba kwa Halvar, na hapo nilikosa kweli kwa hiyo msamaha ulikuwa halali yao. Gunhild akasema angeniacha pale pale Louisville, ila basi lao linakwenda mjini kwetu, basi nitashukia kwangu.

Asubuhi, basi lilipoondoka, alinijia na vifaa vya masikioni na kichezeo cha muziki. "Rekodi zetu zote zimo humu, kuanzia ya kwanza. Kutoka hapa hadi Columbus ni masaa matatu na nusu. Ukifika utaniambia ni gitaa gani limepasuka." Nilijua ni adhabu. Nikavaa.

Wanangu, ile ya kwanza karibu nivue. Walikuwa watoto wa miaka kumi na saba wakati ule, wanarekodi kwenye stoo ya chini ya nyumba. Dramu kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwimbaji haimbi, ananguruma, na gitaa limejaa mikwaruzo hadi hakuna pa kutia sindano. Lakini nilikuwa naadhibiwa, nikavumilia. Kufika rekodi ya tatu, wamepunguza mbio. Ngurumo bado ipo, ila nyuma yake kuna kagitaa kadogo kanakwenda peke yake, kama mtu anayeongea jikoni wageni wakiwa sebuleni. Rekodi ya nne, yule anayenguruma ameanza kuimba, kwa woga, pembeni pembeni. Ya sita anaimba wimbo mzima. Mikwaruzo inakuja sehemu moja tu, inasema neno lake, inaondoka. Na ile ya mwisho, mpya kabisa, ilikuwa karibu uchi: sauti, gitaa safi, dramu zinaguswa kwa brashi. Kwa masaa matatu na nusu nilimsikia mtu mmoja akizeeka. Sikuelewa maneno mengi, Kiingereza chake kinamezwa na muziki, lakini nilielewa kwamba mahali fulani katikati kuna kitu kilimpata.

Halvar alikuja kukaa kiti cha pembeni yangu. Nikampa sombe, akala bila kuuliza ni nini, hapo nikampenda. Nikamuuliza swali moja: kwa nini aliacha kunguruma?

Akaniambia baba yake aliugua. Majira mawili ya baridi alikaa nyumbani kumuuguza, baba chumbani, yeye meza ya jikoni, anatunga nyimbo kwa gitaa lisilochomekwa popote ili asimwamshe. "Alipofariki," akasema, "nikarudi kwenye bendi, nikafungua mdomo ningurume, nikakuta nimesahau inavyofanywa." Ile amplifaya kuukuu baba ndiye aliyemnunulia akiwa na miaka kumi na mitano.

"Na mashabiki?"

"Wamekasirika. Kila onyesho yuko mtu anapiga kelele kutaja wimbo wa zamani."

"Unafanyaje?"

"Nasubiri achoke."

Halafu akauliza zamu yake: kwenye lugha yangu gitaa linafanya nini? Nikamwambia gitaa linalia. Na mtu aliyefiwa? Nikamwambia analia. Akaweka kijiko chini. "Neno hilo hilo?" Hilo hilo. Na anayelipiga? Analiliza. Na anayewatoa watu machozi? Anawaliza. Alicheka peke yake muda mrefu, akilitamka vibaya, liza, liza, akaangalia nje mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Ninyi neno hilo mnalisema kila siku na hamlisikii. Mimi mwenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile.

Tulipoingia Columbus Gunhild akanisimamia. "Haya. Gitaa gani limepasuka?"

"Hakuna," nikamwambia. "Ila kwenye ile ya mwisho, karatasi ya spika ya Halvar imechoka. Inakauka. Haijapasuka, lakini inataka."

Alipokea kichezeo chake. Kisha akasema nishushe vifaa vya jukwaani, sauti inajaribiwa saa tisa. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sitashukia kwangu.

Saa tisa hiyo hiyo nikaitwa mlango wa nyuma, wa kupakulia mizigo. Alikuwa amesimama mchungaji wetu, Mkongomani, mtu niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo, suti yake ya Jumamosi, miwani, na mzee mmoja wa kamati kando yake. Nyuma yangu ukumbini Halvar alikanyaga kidude chake, na mkwaruzo ukatoka hadi nje, ukawapiga kifuani. Mzee wa kamati akarudi hatua.

"Muzee Melki," mchungaji akasema, "njo hii kazi yenyewe?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Bon. Sikuje kukugombeza. Kesho ni siku ya Bwana. Kamati inasema, kama kesho hauko ku mikisa, ile ufunguo ubaki na kanisa."

"Mikisa ya kanisa nimeikalia Jumapili zote, Mchungaji. Naomba kukosa moja."

"Si moja. Ni hii," akasema, akaonyesha kwa kidevu kule kelele ilikotoka. "Chagua."

Nataka muelewe ilivyoniuma. Kanisa lile ndilo lililotupokea tukiwa na mabegi mawili. Nilikuwa na ufunguo ule kabla sijawa na ufunguo wa gari. Ilichukua muda kuutoa kwenye pete, nao wamesimama wananiangalia nikihangaika na kucha. Nilipoutoa nilimwekea mchungaji kiganjani. Nikamwambia, spika ya kushoto msiizidishe, niliiziba mwaka jana. Nikarudi ndani. Sikuomba msamaha, na siombi leo. Sikuwa nimekosa kitu.

Onyesho la Columbus lilipita salama. Nilifanya kazi nimekunja uso, na Gunhild alidhani ndivyo nilivyo nikiwa makini.

Buffalo tulifika Jumapili mchana, baridi ya ziwani inakata masikio. Mwenye ukumbi alikuwa na maneno mengi. Mashabiki wa Buffalo ni watu wa zamani, akasema, wanataka nyimbo za zamani, wakipigiwa za kulala hawatarudi, na yeye pia hatawaalika tena. Halvar akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula tofaa.

Wakati wa kujaribu sauti Halvar alipiga wimbo wa rekodi mpya, ule mtulivu kuliko yote. Nikasikia kitu. Chini ya noti, karibu na kimya, palikuwa na mlio mdogo, kama wa nzi ndani ya kikombe. Nikasimama. Akapiga tena. Nzi tena.

Hapa ndipo nilipopambana na nafsi yangu. Siku mbili tu zilizopita nilisema imepasuka na dunia ikacheka. Nikisema tena na nikakosea, narudi kubandika lebo Gahanna, na ufunguo nimeshautoa, sina mikisa hii wala ile. Nikinyamaza hakuna atakayejua kwamba nilisikia. Kwa dakika nzima nilitamani kunyamaza. Halafu hasira ikanipanda, si kwa mtu, kwa hilo tamanio lenyewe. Nikanyanyua mkono.

"Imepasuka," nikasema.

Mmoja wa wabeba masanduku akaanza kucheka. Gunhild akasema kwa spika kutoka nyuma ya ukumbi, "Melki, hiyo ndiyo sauti yake."

"Hapana. Sauti yake naijua sasa. Nimeisikiliza masaa matatu na nusu, wewe ndiye uliyenipa. Hii imepasuka kweli."

Halvar alivua gitaa, akaleta bisibisi yeye mwenyewe. Tukafungua ubao wa nyuma, nikawasha tochi. Pale pembeni, karatasi ilikokutana na chuma, palikuwa na mchaniko wa urefu wa nusu kidole. Mikwaruzo mingine kumi kama ile ya zamani, na ungekimbia hadi katikati. Gunhild alikuja kutoka nyuma, akainama, akaangalia muda mrefu. Yule kijana aliacha kucheka.

Mwenye ukumbi alifurahi. Akasema hiyo si shida, kuna bendi ya hapa hapa ina amplifaya kubwa, mpya, atapiga simu iletwe, na kwa amplifaya ile nyimbo za zamani zitatoka vizuri zaidi. Halvar akanigeukia mimi. "Inazibika?"

"Inazibika. Lakini gundi inataka muda. Leo itaweza kuimba, kukwaruza haitaweza."

"Basi leo haitakwaruza," Halvar akasema.

Mwenye ukumbi akarudia maneno yake yote tangu mwanzo. Halvar akamsikiliza hadi akachoka.

Sikilizeni sasa namna ya kuziba, maana ninyi mnakimbilia kununua mpya. Niliomba gundi nyeupe ya mbao kwa mlinzi wa jengo, na jikoni nikapata karatasi za kuchujia kahawa, ambazo ni bora mara mia kuliko daftari. Karatasi unaichana kwa mkono, usiikate kwa mkasi, ili kingo zake ziwe na nyuzinyuzi na zishike. Gundi unaipaka nyembamba, upande wa mbele na wa nyuma, kwa kidole. Ukiweka nyingi unaongeza uzito na spika inakuwa bubu. Kisha unaiacha. Usiipulizie, usiilete karibu na joto. Masaa matatu nilikaa nayo mapajani. Ulikuwa wakati wa ibada Clintonville, maana sisi tulianza alasiri Wazungu wakishatoka; niliangalia saa, nikajua sasa wanaimba, sasa ni matangazo, sasa anapanda kuhubiri. Sitawaficha, machozi yalinitoka kidogo. Nikayafuta kwa bega kwa sababu vidole vilikuwa na gundi.

Waliimba nyimbo tulivu tu jioni ile. Kelele zilianza mapema. Mtu wa kwanza alitaja wimbo wa zamani, wa pili akaunga, wa tatu akatupa glasi ya plastiki. Halvar alisimama mbele ya maiki akasubiri, mikono juu ya gitaa, hana haraka. Wengine walitoka, mlango ukafunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi baridi ikafika jukwaani. Waliobaki wakanyamaza. Ndipo akapiga ule mtulivu wa rekodi mpya, aliotunga kwenye meza ya jikoni. Nilikuwa nimeinama sikio karibu na sanduku la mbao, natafuta nzi, nzi hayupo. Gitaa lililia. Lilikuwa dogo, la kawaida, limezibwa kwa karatasi ya kahawa, na mwanamume mmoja mnene mwenye fulana nyeusi safu ya mbele, mmoja wa wale waliokuwa wakipiga kelele, alifunika uso kwa kofia.

Gunhild alinipa mkono tulipokuwa tunafunga masanduku. Akasema wanarudi mwezi wa tatu, na majira ya joto tena. Akauliza kama naweza kuacha lebo. Nikamwambia nimeshaziacha.

Nilirudi nyumbani Jumatatu. Mama Neema alikuwa anacheka kabla sijavua koti. Ibada iliharibika, akasema. Aliyepewa ufunguo alipandisha kila kitu hadi juu, spika zikapiga mluzi tangu sala ya kwanza, watoto wameziba masikio, mchungaji akamaliza mahubiri kwa koo lake. Sikufurahi kama mnavyodhani. Nilifikiria spika yangu ya kushoto.

Siku ya Jumatano mchungaji alikuja mwenyewe, bila kamati. Akaweka ufunguo mezani karibu na chai. Nikausogeza kwake.

"Kwanza utasikiliza wimbo mmoja," nikamwambia. "Pale kanisani, kwa spika zetu. Mmoja tu. Hukuwahi kuusikia muziki niliouchagua, uliusikia mlangoni."

Aliudhika. Alisema yeye si mtu wa kuwekewa masharti. Nikamwambia na mimi pia siku ile mlangoni sikuwa. Akakoroga chai yake hadi ikapoa. Mwisho akavaa kofia yake, akasema twende, ana wagonjwa wa kuwatembelea saa kumi.

Ukumbi ulikuwa mtupu, mwanga wa mchana unaingia kwa vidirisha vya juu. Aligoma kukaa. Nikauweka ule wa jikoni, kwa sauti ya chini. Mchungaji alisimama katikati ya viti mikono nyuma, uso wa mtu anayesubiri basi. Kiingereza chake ni kidogo kuliko changu, maneno yalimpita yote. Lakini mtu huyu amezika watu Uvira, amezika njiani, amezika kambini na amezika hapa. Wimbo ulipofika katikati, mikono yake ilitoka nyuma ikaja mbele. Ulipokwisha akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Huyu mutu," akasema, "alifiwa na nani?"

"Baba yake."

Akatikisa kichwa. "Angesema mapema."

Akaweka ufunguo juu ya mikisa. Akaniambia wimbo ule usipigwe siku ya ibada, nikasema sikuwa na mpango huo, akaenda kwa wagonjwa wake. Tangu siku ile, nikisafiri na Waswidi, matangazo yalikuwa yanasema Mzee Melki yuko kazini, na hakuna aliyetaja shetani.

Mchungaji huyo amepumzika sasa, kamati ni nyingine, na mnaambiwa yale yale niliyoambiwa mimi. Ufunguo wa kabati bado ninao, ndio ninaowafungulia kila Jumapili, uko hapa mezani ninapoandika. Jumapili ijayo baada ya ibada nitakuja nao hapo kwenye mikisa. Spika ya kushoto imeanza kusema kitu tangu mwezi uliopita, na hakuna mmoja wenu aliyeinua mkono. Atakayeniambia inalia au imepasuka, na akasimama hapo hapo hata wenzake wakimcheka, ufunguo ni wake.